Gari Limegongwa Maegeshoni Ukiwa Majini na Aliyegonga Hayupo: La Kufanya, Hatua kwa Hatua

Maswali hayabadiliki. "Nimetoka majini nimekuta mlango umebonyea, hakuna karatasi wala mtu. Nianzie wapi? Naweza kulisogeza gari? Bima watalipa?" Majibu yamepangwa hapa kwa mfuatano wa kazi, tangu unapoliona gari hadi fundi wa bodi anapolipokea. Yanahusu maegesho ya kwenye mteremko wa boti, yaani pale trela linaporudishwa kinyumenyume hadi majini ili boti ishuke au ipande. Ukigongewa gari nje ya duka, nusu ya yaliyomo humu haitakufaa.

Kinachogonga hapa kwa kawaida ni trela. Dereva anayelivuta ameketi mita 8 au zaidi mbele ya kona iliyogusa, macho yake yako kwenye kioo cha upande wa pili, na mzigo wa nyuma unatikisika na kupiga kelele hata pasipo kugusa kitu. Wengine huondoka bila kujua. Wengine wanajua fika. Trela linapokata kona, magurudumu yake hupita ndani zaidi ya njia ya gari linalolivuta, na mkia wa boti uliotokeza nyuma ya ekseli hufagia upande wa nje. Ndiyo maana magari yaliyoegeshwa pembeni mwa kona huumia zaidi.

Lakini kuna jambo linalobadilisha kazi nzima: aliyegonga huenda hajaondoka. Kama aligonga akiipeleka boti majini, au akirudi kuegesha trela tupu, basi sasa hivi yuko majini na gari lake liko safu mbili kutoka lako. Kama aligonga akiwa ameshapandisha boti, amekwenda zake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni nani, uliza alikuwa anaelekea wapi. Jibu liko chini, limeandikwa kwa maji, na linakauka.

VYA KUWEKA GARINI KABLA YA SIKU YENYEWE

Vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja mdogo. Viache garini, usivipeleke kwenye boti.

- Tepu ya kupimia ya mita 5 na rula ya sm 30.
- Tochi. Hata mchana utaihitaji.
- Bahasha 3 za karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuharibu vipande vya rangi.
- Daftari dogo, kalamu na chaki.
- Utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi.
- Pawabenki. Simu iliyoshinda majini hurudi na asilimia 5 siku hiyohiyo unapoihitaji.
- Picha ya cheti cha bima na cha usajili ndani ya simu, pamoja na namba ya dharura ya bima.

Zaidi ya hivyo, jizoeze kupiga picha mbili za gari kila unapoegesha, moja kutoka pembe ya mbele na nyingine kutoka pembe ya nyuma ya upande wa pili. Ni sekunde 20. Hakuna ushahidi wa bei nafuu kuliko huo wa kwamba saa 12:10 asubuhi gari lilikuwa zima.

HATUA

1. Usilipeleke gari majini.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote na hufanywa na watu wenye akili zao. Gari lako ndilo linalovuta boti yako, kwa hiyo ukiona limegongwa unasonya, unaliwasha na kushuka nalo kuipandisha boti. Ukirudi juu umekanyaga alama za ardhini, umemwaga maji yako mwenyewe juu ya ya mwenzako, na kama kilichogongwa ni nyuma, umekiosha.

Funga boti kando ya gati mahali pasipozuia foleni, au mpe mwenzako aishikilie. Unahitaji dakika 15 hadi 20. Andika saa uliyoliona gari. Usifungue mlango wa upande uliogongwa, usipapase mkwaruzo kwa kidole, usiufute kwa kitambaa "uone kama unatoka".

Gari likiwa limesukumwa hadi njiani ambako litagongwa tena, hapo usalama unatangulia. Piga picha 4 za haraka, weka alama za chaki mahali matairi yaliposimama, kisha lisogeze.

2. Soma ardhi kabla ya kusoma gari.

Trela lililotoka majini hudondosha maji kutoka kwenye fremu, kwenye ekseli, na kwenye mbao zilizovikwa zulia ambazo boti hulala juu yake. Boti iliyofunguliwa kizibo cha chini humwaga zaidi. Kwenye saruji yenye jua kali mstari huo hupotea kwa dakika chache; kwenye changarawe, kivulini au siku ya mawingu hukaa muda mrefu zaidi. Piga picha ya mstari kwanza, halafu ufuate:

- Unapita kwenye gari lako na kuelekea lango la kutokea: boti ilikuwa imeshapandishwa, aliyegonga ameondoka. Kazi yako iko kwenye kamera na mashahidi, kwa hiyo usipoteze muda kukagua maegesho.
- Unapita kwenye gari lako na kuishia kwenye trela tupu lililoegeshwa: mwenyewe yuko majini. Nenda hatua ya 3 na ya 4 upesi, kisha ya 5.
- Hakuna maji, lakini kuna alama kavu za matairi karibu na pigo: ama alikuwa anashuka na boti, ama mstari umekwisha kukauka. Fanya yote mawili.

Kwenye mchanga au tope, piga picha ya alama ya tairi ukiwa umeinama juu yake moja kwa moja, rula ikiwa kando yake. Pima umbali kutoka katikati ya mstari wa tairi la kushoto hadi katikati ya mstari wa kulia; upana huo hutofautiana kati ya trela na trela na unaweza kulinganishwa baadaye. Alama zilizoburuzwa kwa ubavu, kama vile mtu kafagia, huachwa na trela la ekseli mbili lililokata kona kali: matairi yake hayawezi yote kufuata duara moja, kwa hiyo huteleza. Hilo peke yake hupunguza idadi ya wa kushukiwa.

Sasa vipande. Plastiki nyekundu au ya chungwa ni ya taa. Kipige picha kikiwa palepale kilipoanguka, halafu kiokote kwa kushika kingo na ukitie kwenye bahasha. Kitazame upande wa ndani: kioo cha taa huwa na namba ya kiwandani iliyochongwa kwenye plastiki, na duka la vipuri linaweza kukuambia ni taa ya gari gani au ya trela la aina gani. Onyo: vipande vya taa yako mwenyewe vitie bahasha nyingine. Vikichanganywa, hakuna atakayevitenganisha.

3. Piga picha za gari kwa mpangilio.

Mpangilio una maana kwa sababu mkadiriaji wa bima hakuwepo, na picha 30 za karibukaribu hazimwambii ni gari gani wala lilikuwa wapi.

Anza mbali: pembe nne za gari, mita 5 au 6, namba ya gari ikisomeka angalau mara mbili, na kitu kisichohama kama nguzo, kibao au gati kikionekana nyuma. Sogea mita 2: upande mzima uliogongwa, ukiwa umesimama sawasawa mbele yake. Sogea sm 30: kila alama peke yake, mara moja bila rula na mara moja ikiwa na rula. Mwisho washa tochi, ishike karibu na bodi upande mmoja ili mwanga upite ubavuni. Mbonyeo ambao jua la juu limeuficha utajitokeza kwa kivuli chake.

Piga pia upande usiogongwa, ili baadaye asije mtu akasema gari zima lilikuwa bovu. Piga matairi yote yakionyesha umeegesha ndani ya mistari. Maliza kwa video ya dakika moja ukizunguka gari bila kukata.

Onyo: usivute picha kwa kukuza, sogea wewe. Na usifute picha za asili baada ya kuzituma. Ukituma picha ya kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za ndani za saa na mahali. Itume kama faili, au tumia barua pepe, na ile ya asili ibaki kwenye simu.

4. Pima urefu, kisha soma rangi.

Simamisha tepu wima kutoka ardhini bila kugusa mkwaruzo. Andika urefu wa mwanzo wa alama, wa mwisho wake, na wa sehemu iliyozama zaidi.

- Takriban sm 35 hadi 45, shimo dogo la mviringo, mara nyingine lina grisi nyeusi: kichwa cha mviringo cha kuvutia trela kilicho nyuma ya gari lililorudi kinyumenyume.
- Takriban sm 40 hadi 50, pana na lisilozama sana: bampa ya gari dogo. Magari ya juu hupiga juu zaidi.
- Michirizi mirefu ya mlalo kuanzia usawa wa gurudumu kwenda juu kidogo: madigadi au fremu ya trela. Ikiambatana na mapinde meusi kama nusu mwezi, tairi nalo liligusa.
- Juu ya sm 80: ukingo wa boti, injini iliyoinuliwa, au zile nguzo mbili za trela zinazoongoza boti inapopanda.

Usifunge mawazo kwa tofauti ya sm 5. Trela lenye boti hukaa chini kuliko likiwa tupu, na maegesho mengi ya mteremkoni hayako sawa.

Rangi iliyobaki kwenye bodi inasema zaidi. Kijivu kinachong'aa ni chuma kilichopakwa zinki, ambacho ndicho fremu nyingi za trela za boti hutengenezwa nacho. Nyeupe ya vumbivumbi kama chokaa ni jelikoti, ile ngozi ngumu ya juu ya boti ya faiba. Nyeusi isiyo na mng'ao ni mpira. Buluu, nyekundu au njano ya plastiki laini huenda ni rola za trela. Rangi ya gari ina mng'ao na huacha ukingo mkali.

Mwelekeo nao unasomeka. Rangi iliyokwanguliwa hujikusanya upande ambako kitu kilikuwa kinakwenda, kama udongo mbele ya jembe la kukokota. Linganisha mwelekeo huo na ule wa maji ardhini. Vikikubaliana, una maelezo ambayo bima hawataweza kuyapuuza. Vikipingana, rudi uangalie tena kabla ya kumtaja mtu.

5. Tembea maegeshoni, macho yafanye kazi, mikono ipumzike.

Fanya hatua hii kama ardhi imeonyesha kuwa aliyegonga huenda bado yupo. Tafuta trela au gari lenye alama mpya kwa urefu ulioupima na lenye rangi ya gari lako. Ukilipata, simamisha tepu yako ardhini kando yake bila kugusa na upige picha. Andika namba ya gari linalovuta na ya trela, kwa sababu kuna nchi ambako hazifanani. Boti ikirudi, andika na namba iliyo ubavuni mwake. Namba tatu ni bora kuliko moja.

Onyo: usimzibie njia kwa gari lako, usitoe upepo kwenye matairi yake, usipande juu ya trela lake kutafuta ushahidi. Ukifanya hivyo kesi inageuka kuwa yako.

Akitokea, usianze na "umenigonga". Mwambie: "Samahani, kuna alama kwenye gari langu zinalingana na madigadi ya trela lako. Naomba tuangalie pamoja." Mtu ambaye hakujua ataenda kuangalia, na wengi wakiona rangi inafanana huishia kutoa karatasi za bima wenyewe. Mtu aliyejua atajichanganya. Ukiona sauti zinapanda, rudi nyuma na upige simu polisi.

6. Weka mipaka ya muda na utafute mashahidi.

Unatakiwa kusema: "Limegongwa kati ya saa hii na saa hii." Kadiri dirisha hilo la muda linavyokuwa dogo, ndivyo mwenye kamera anavyokubali kukutafutia. Vya kukusaidia: picha ulizopiga wakati wa kuegesha, risiti ya kuingilia, kitabu cha kusajili boti zinazotoka, njia iliyorekodiwa na kifaa cha ramani cha boti yako, na ujumbe au simu uliyopiga ukiwa maegeshoni.

Mashahidi bora ni wale wasiotembea: wanaovua samaki gatini, mlinzi, anayeosha boti. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanawaza zamu yao tu. Uliza swali lililo wazi: "Umeona nini hapa tangu asubuhi?" Ukiuliza "Hukuona pikapu nyeupe ikigonga?", umeshampa jibu, na ushahidi wake hautakuwa na uzito. Chukua jina, simu, na sentensi moja au mbili kwa maneno yake.

7. Wahi kamera.

Mifumo mingi ya kamera za ulinzi hurekodi juu ya picha za zamani diski inapojaa. Mingine huchukua siku chache, mingine wiki kadhaa. Kwa hiyo ombi la kwanza liwe "Naomba msifute", ndipo lije la "nipeni". Liandike, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja tarehe, dirisha la muda na kamera inayotazama wapi. Msimamizi anaweza kukataa kukupa nakala kwa sababu watu wengine wanaonekana humo, lakini mara nyingi hatakataa kuihifadhi hadi polisi au bima waiombe.

Linganisha saa ya kamera na saa ya simu yako palepale, uandike tofauti. Kamera iliyo nyuma kwa dakika 47 ni jambo la kawaida kabisa, na imeshawapoteza wengi waliotafuta muda usio sahihi wakaambiwa "hamna kitu". Usiangalie mteremko peke yake. Omba kamera ya lango, maana hapo ndipo namba zinasomeka.

Kama una kamera ya dashibodi, toa kadi yake sasa. Ikiendelea kurekodi njia nzima ya kurudi nyumbani inaweza kufuta unachokitaka: kadi ya GB 64 kwa video za 1080p huhifadhi takriban saa 8 hadi 10 tu. Angalia pia kama magari ya jirani yana kamera, na uwaachie karatasi yenye namba yako. Watakuwa wamechoka na jua watakaporudi, kwa hiyo iwe fupi.

8. Kagua kabla ya kuendesha, na tena kabla ya kuvuta.

Bampa ya plastiki hudanganya. Hubonyea, ikarudi mahali pake, ikaonekana ina mkwaruzo tu huku vishikizo na chuma cha nyuma yake vimevunjika. Sukuma kwa kiganja pande zote mbili: ukicheza upande mmoja kuliko mwingine, kuna kilichovunjika ndani.

Kagua taa zote pamoja na indiketa. Kagua kuta za tairi lililo karibu na pigo. Uvimbe au mkato ubavuni unamaanisha tairi haliendi popote. Chungulia chini: maji safi ya kiyoyozi si tatizo, lakini kimiminika cha rangi au chenye utelezi ni tatizo. Fungua na ufunge milango na buti. Endesha polepole mita 100 kwenye eneo tambarare. Usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, gurudumu limepigwa.

Kama limegongwa nyuma, kiungo cha kuvutia trela kikaguliwe kabla ya kuunganisha trela lenye boti. Bolti iliyolegea, chuma kilichopinda au rangi iliyopasuka kuzunguka maungio vinatosha kukuzuia. Omba mtu mwingine akuvutie boti. Ni aibu ndogo kuliko boti iliyochomoka barabarani.

9. Toa taarifa.

Mweleze msimamizi wa eneo na uhakikishe ameandika. Kisha polisi: unachokihitaji hasa ni namba ya taarifa, kwa sababu bima wataiulizia. Sehemu nyingine polisi hawaji kwa uharibifu wa mali usio na majeruhi, au husema eneo ni la mtu binafsi. Bado omba taarifa iandikwe. Sheria za nchi na mkataba wako wa bima zinaweka muda wa kuripoti, kwa hiyo ifanye siku hiyohiyo.

Kibao cha "Egesha kwa hatari yako mwenyewe" kisikukatishe tamaa. Kinajaribu kumkinga mwenye eneo. Aliyekugonga hakingwi nacho.

10. Bima.

Ukiwa na bima kubwa, uharibifu huu kwa kawaida unalipwa hata aliyegonga asipojulikana, ila unakatwa sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe, na punguzo la ada unalopewa kwa kutodai linaweza kupungua. Ukiwa na bima ndogo, ile inayolipa tu madhara unayowaletea wengine, gari lako halimo. Njia yako ni kumpata aliyegonga na kudai kwenye bima yake. Hapo ndipo dakika 20 za ardhini zinapolipa.

Pata makadirio mawili ya fundi kabla ya kuamua kudai. Ukarabati ukikaribia kiasi unachojilipia, kudai hakuna faida. Kwenye fomu andika ulichokiona, si unachokidhani: "Mchirizi wa sm 64 kutoka ardhini, rangi ya kijivu ya zinki, unaelekea nyuma ya gari" unatosha. Usiandike "pikapu ya bwana fulani imenigonga" kama hukuiona ikigonga. Boti au trela lako likigongwa pia, angalia lina bima yake au limo kwenye ya gari. Mara nyingi ni madai mawili tofauti.

11. Linda bodi hadi fundi alipokee.

Mkwaruzo uliofika kwenye chuma, karibu na maji ya chumvi, huanza kushika kutu upesi. Baada ya picha na vipimo kukamilika, na si kabla, funika kwa utepe wa karatasi ukiubandika kwenye rangi nzima, mbali na kingo zinazobanduka. Usipige msasa, usipake rangi ya kopo. Mkadiriaji akishaona, mwambie fundi afungue bampa au ngozi ya mlango kabla ya kutoa bei ya mwisho.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Umeligundua nyumbani. Usilioshe. Piga picha zote za hatua ya 3 na ya 4, andika kila mahali uliposimama njiani, kisha mpigie msimamizi wa mteremko simu leo kuhusu kamera. Kama urefu na rangi ni za trela, hilo lenyewe linaashiria huenda halikutokea nje ya nyumba yako.

Mvua imenyesha. Ardhi imekwisha, lakini rangi ya zinki na ya jelikoti kwenye bodi haioshwi na mvua. Kausha eneo la kando, usiguse alama, subiri ikauke yenyewe ndipo upige picha; matone ya maji hurudisha mwanga na kuficha kila kitu.

Kuna karatasi lakini namba haipokelewi. Wapo wanaoandika chochote kwa sababu kuna watu wanawatazama. Ihifadhi kwenye bahasha, ipige picha, na uendelee na hatua zote kana kwamba haikuwepo.

Bima wanasema alama ni ya zamani. Onyesha picha za kuegesha. Onyesha pia picha za karibu: chuma kipya kinang'aa na mkwaruzo hauna vumbi wala nta ndani yake. Kumbuka alumini na plastiki havishiki kutu, kwa hiyo kutokuwepo kwa kutu hapo si hoja ya upande wowote.

Kuna alama mbili za urefu tofauti. Trela moja linaweza kuacha ya madigadi chini na ya ukingo wa boti juu. Zikiwa na mwelekeo mmoja na zinaanzia takriban mstari mmoja wa wima, zichukulie tukio moja. Zikipishana mwelekeo, huenda umegongwa mara mbili, na bima inaweza kuhesabu madai mawili.

Mwenye trela anakana. Usibishane. Una urefu, rangi, mwelekeo na namba zake. Wape bima na polisi wafanye kazi yao.

KUEGESHA SAFARI IJAYO

Epuka nafasi ya mwisho ya safu, ile ya kwenye kona, hata kama ndiyo iliyo karibu na maji. Epuka pia upande unaotazamana na mdomo wa mteremko, ambako trela hunyooshwa na kurudishwa. Kunja vioo vya pembeni. Kama umekuja bila trela, usichukue nafasi ndefu za matrela: gari dogo humo halionekani kwa anayerudi kinyumenyume. Kamera ya dashibodi yenye ulinzi wa maegesho iunganishwe na kifaa kinachokata umeme betri ya volti 12 ikishuka hadi 12.0 au 12.2, la sivyo utarudi ukute video nzuri na gari lisilowaka.

UKIKUTA WEWE NDIYE ULIYEGONGA

Inatokea: unasuuza trela nyumbani, unaona rangi nyekundu kwenye madigadi, na gari lako si jekundu. Usiifute. Piga picha, mpigie msimamizi wa mteremko uache namba yako, uitaarifu bima na polisi. Ukigundua ukiwa bado pale na mwenyewe yuko majini, andika jina, simu, namba ya gari na ya trela, saa, na kilichotokea kwa sentensi moja. Tumia kalamu isiyochujuka, ingiza karatasi kwenye mfuko wa plastiki, ibane chini ya waipa upande wa dereva, na umwachie mlinzi nakala. Upepo wa majini hupeperusha karatasi tupu kabla hujafika langoni.